Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya walimu: ile miaka tisa ya mama

Waheshimiwa mnaosimamia elimu na utumishi wa walimu,

Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Kwa wadogo zangu, habari za kazi.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Makete, mkoani Njombe, upande ule unaoelekea Kitulo, na mwaka huu tumemzika akiwa na miaka 84. Jina lake siliandiki hapa. Ninyi mnalo, kama mnalo.

Nasema “kama” kwa sababu kumbukumbu zilizotumika kumpigia hesabu ya mafao zinasema alianza kazi mwaka 1970. Alianza Januari 1961. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu ya mlingoti, Uhuru umebakiza miezi kumi na moja, na yeye ni binti wa miaka ishirini mwenye cheti cha ualimu, amesimama mbele ya watoto ambao baadhi yao walikuwa wamempita kimo. Tangu siku hiyo mpaka alipostaafu mwaka 1996 hakuwahi kufanya kazi nyingine. Sasa ile miaka tisa ya kwanza iko wapi? Hilo ndilo swali langu. Yote yanayofuata ni maelezo yake.

Wengi wenu mmezaliwa baada ya mambo haya, kwa hiyo mnivumilie nikirudi nyuma. Msichana wa Kikinga aliyezaliwa mwaka 1941 hakutarajiwa kuvuka darasa la nne. Hapo ndipo palipokuwa na chujio: mtihani, halafu wengi wanarudi nyumbani kulima. Mama alipenya akaingia shule ya kati ya misheni ya Kilutheri, darasa la tano mpaka la nane, kisha miaka miwili ya ualimu. Babu aliridhia baada ya mchungaji kumhakikishia kwamba kusoma hakupunguzi mahari. Mama alipenda kulisimulia hilo, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba mchungaji alikosea, mahari ilipanda.

Shule aliyopangiwa ilikuwa ya misheni, kama zilivyokuwa nyingi za kwetu. Serikali ilitoa ruzuku, misheni ikasimamia, mwalimu akapokea mshahara wake dirishani kwa wamisionari. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za namna hiyo zikawa mali ya umma, na mama akawa mtumishi wa serikali bila kuhama hata dawati. Mwalimu yuleyule, ubao uleule, watoto walewale, ila faili jipya. Kwenye makaratasi mama alizaliwa mwaka 1970.

Barua yake ya kwanza ya ajira, ile ya 1961, alikuwa nayo. Mwaka 1974 aliambiwa aikabidhi, ile yenyewe, “iingizwe kwenye faili.” Akaikabidhi. Mashine ya fotokopi hakuwahi kuiona, na mwalimu wa kijijini hakuthubutu kumwambia karani wa mjini amsainie kwamba amepokea. Ingeonekana ni utovu wa adabu. Halafu mwaka 1979 Makete ikakatwa kutoka Njombe ikawa wilaya. Watu wanapogawa wilaya huangalia mipaka, ni wachache wanaokumbuka makabati. Mafaili husafiri kwa lori, na kwa barabara yetu ya wakati ule, wakati wa masika, lori liliweza kulala njiani siku tatu na turubai limechanika. Siku hizi kuna lami kutoka Njombe hadi Makete. Faili la mama halikuisubiri.

Alipostaafu, ofisi moja ambayo sitaitaja wala mji wake sitautaja, ilimtaka alete barua ya ajira ya kwanza. Akaeleza kwamba wanayo wao. Wakatazama, hawakuiona. Wakamwambia aende alete ushahidi mwingine. Alifanya safari kumi na moja, ninazijua kwa sababu nauli ya safari saba nilitoa mimi, na kila safari alikuta aliyesikiliza maelezo yake mara ya mwisho amehamishwa. Akaanza upya. Ukimweleza mtu kisa chako mara kumi na moja, hata wewe mwenyewe unaanza kukisikia kama uongo.

Sasa naomba niwaeleze habari ya karanga.

Mwaka 2003 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulikuwa unajenga madarasa nchi nzima, na shule ya mama nayo ikapata mawili. Ili kupata nafasi ya kuhifadhi saruji, stoo ya zamani ikafagiliwa. Jioni moja mama alitoka kanisani, akapita genge la jirani, akanunua karanga za mia. Alipofika nyumbani akafungua kile kikaratasi, akaona mwandiko wake. Majina kumi na mawili, safu ya mistari midogo ya wino wa bluu, na pembeni tarehe ya mwaka 1964.

Aliniambia kwamba karanga hazikumpanda tena. Alirudi gengeni usiku uleule na taa ya chemli, akanunua karatasi zote zilizobaki. Mwenye genge alidhani mwalimu amechanganyikiwa. Alizipata rejista saba zikiwa nzima au karibu nzima: ya 1962, 1963, 1966, 1967, 1968, 1977 na 1983. Nyingine zilikuwa zimeshaliwa na kijiji pamoja na maandazi.

Kwa msiojua, rejista ya darasa si karatasi ya kutania nayo. Kila mtoto ana mstari wake. Asubuhi akiitikia “nipo,” mwalimu anachora kistari kilicholala upande mmoja, na mchana akiitikia tena, kistari kinacholala upande wa pili, vikikutana vinafanya alama ya kuzidisha. Asiyekuwepo anapata duara. Ijumaa mwalimu anajumlisha, anatia sahihi. Mama aliongeza yake kwa penseli, pembeni ya maduara: “pareto,” “amefiwa,” “anachunga,” “hana nguo, imefuliwa.” Kwetu mwezi wa sita na wa saba sakitu, umande ulioganda kwa baridi, hulala juu ya majani kama chumvi iliyomwagika, na watoto wa miaka ya sitini walikuja pekupeku. Kila mmoja alibeba kuni moja kwapani. Moto uliwashwa nje ya darasa, wakauzunguka, na majina yaliitwa pale motoni kabla hawajaingia ndani. Ndiyo maana rejista ya 1962 ina alama za cheche kwenye kurasa za Juni na Julai.

Katika rejista ya 1968 kuna wiki kumi na mbili zenye sahihi ya mkono mwingine. Mwandiko mnene, wa kiume, na jumla zake zimekosewa mara mbili. Hizo ndizo wiki alizojifungua na kuninyonyesha mimi. Wiki ya kumi na tatu mwandiko wake umerudi, na kwenye ukurasa huo kuna doa kubwa la mviringo ambalo alisisitiza ni mimi niliyelisababisha, kwa sababu alikuwa akiniweka ndani ya boksi la chaki chini ya meza. Cheti changu cha kuzaliwa nilikipata ukubwani. Nilipoulizwa ushahidi wa tarehe, nilianza na doa hilo. Afisa alicheka, lakini wiki alizihesabu.

Mwaka 2004 mama alifunga rejista tano za miaka inayogombaniwa ndani ya khanga, akapanda basi, akazipeleka kwenye ile ofisi. Nilikwenda naye. Nilimwona akizifungua mezani taratibu kama anayeonyesha mtoto mchanga. Sahihi yake ilikuwa pale, Ijumaa baada ya Ijumaa, 1962, 1963, 1966, 1967, 1968. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na heshima, simlaumu. Alifunua kurasa tatu, akasema: “Bibi, hizi ni nyaraka za wanafunzi. Si nyaraka za utumishi.”

Tukarudi. Njiani mama hakusema kitu mpaka tulipofika Chimala, hapo akaniomba nimnunulie ndizi.

Waheshimiwa, nataka mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu mwaka ule niliona ni uzembe wa karani mmoja tu, na miaka iliyofuata ikanionyesha kwamba ni kubwa kuliko karani. Usajili wa Vitambulisho vya Taifa ulipofika kwetu, watu wazima walihangaika kuthibitisha walizaliwa lini. Wengi hawakuwa na cheti. Wakakumbuka kwamba Mwalimu ana rejista. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, kisha kwa makundi, babu na bibi wazima wenye fimbo, wakikaa barazani kwa mama wakisubiri atafute mstari wao. Alikuwa akivaa miwani, anapitisha kidole, anasoma jina la mtu na la baba yake na mwaka wa kuzaliwa alioandika mwenyewe siku mtoto huyo alipoletwa kuandikishwa. Mtendaji wa kijiji akanakili, akagonga muhuri, mtu akapata kitambulisho. Kwa mwanafunzi rejista ile ilikuwa ushahidi. Kwa mwalimu aliyeijaza haikuwa ushahidi. Nimeishi na sentensi hizo mbili zaidi ya miaka kumi na bado sijaona zinavyokaa pamoja.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. Mteja akija na malalamiko ya bati la mwaka juzi, namtafutia risiti kabla chai yake haijapoa. Sijasoma utunzaji wa kumbukumbu. Nimelelewa na mwalimu, basi.

Mtaniuliza, huyo mama yako alifanya nini kikubwa? Mazishini waliuliza kwa namna yao, kwa kusoma wasifu wa dakika nne. Alifanya yale ambayo serikali ilitangaza. Ninyi mnatangaza, mwalimu wa kijijini ndiye anayefanya. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, aliyebaki shuleni jioni kufundisha watu wazima ni yeye, mgongoni akiwa na mdogo wangu. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawajui kusoma. Mmojawapo alikuwa mama yake mzazi. Bibi alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka zaidi ya sitini, na mama alimpigia mstari wa mahudhurio kama wengine, na kumchorea duara alipokosa. Ilipokuja kampeni ya “Mtu ni Afya” mwaka 1973, ile iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, redio ya kijiji ilikaa kwetu na mama ndiye aliyeongoza kikundi. Vyoo vilivyochimbwa msimu ule vingine vilidumu mpaka nimeota ndevu.

Halafu Azimio la Musoma, Novemba 1974. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ikavutwa mpaka 1977. Ni rahisi kuvuta mwaka kwenye karatasi. Rejista ya 1977 inaonyesha ilivyovutwa kwetu: majina 94 katika darasa la kwanza moja, wa miaka saba na wa miaka kumi na tatu kwenye dawati moja, na walipokosa dawati, kwenye gogo. Walimu hawakutosha, ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha asubuhi na kusomea ualimu mchana hapohapo vijijini. Shuleni kwa mama waliletwa wanne. Aliwafundisha kuandaa somo, kushika chaki bila kuivunja, kuongea bila kupayuka. Watu wa mjini wakawatania kwamba UPE, kile kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, kama walivyokuja kuwatania walimu wa miaka ya karibuni waliofunzwa kwa muda mfupi kwamba ni vodafasta. Mama alichukia sana utani huo. Alikuwa akisema, aliyemcheka mwalimu wa UPE mwulize yeye kusoma alifundishwa na nani.

Ya 1983 ina kurasa nyembamba, karatasi ya kahawia. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: foleni ya sabuni, unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, kwenye duka la ushirika, chaki hakuna. Alichimba udongo mweupe bondeni, akaufinyanga vijiti, akavianika. Mshahara haukutosha wiki mbili. Baba alikuwa Mbeya akihangaika na biashara, kama wanaume wengi wa Kikinga, tukimwona Krismasi na Pasaka, kwa hiyo mama alilima viazi alfajiri, akafundisha mpaka alasiri, na usiku akafuma masweta kwa nyuzi za masweta makuukuu aliyoyafumua. Sisi saba tulivaa hayo. Watoto wa shule waliokuwa na baridi kuliko sisi nao walivaa. Kuna jirani mpaka leo ananisimanga kwamba sweta lake lilitokana na mkono wa sweta langu, na ni kweli, nilibaki na kizibao.

Lakini rejista hiyo ya 1983 ina kitu kingine, na hapa nitakwenda polepole.

Ina majina 41. Walikuwa watoto wa miaka saba, minane. Hesabu wenyewe walikuwa na umri gani ilipofika 1995, 2000. Makete ni nchi ya wafanyabiashara, vijana wanatoka wanakwenda Mbeya, Dar es Salaam, Tunduma, na ugonjwa ule uliopewa majina mengi ili usitajwe, ngoma, miwaya, umeme, ulirudi nao nyumbani kwenye mabasi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011 na 2012 ndio uliowaambia wengine kwamba Mkoa wa Njombe unaongoza nchini, asilimia 14.8 ya watu wazima wakiwa na virusi vya Ukimwi. Mama hakuhitaji kuambiwa. Baada ya kuzikomboa rejista zake gengeni, alianza kuweka msalaba mdogo kwa penseli kando ya jina la kila mwanafunzi aliyemzika. Katika ile ya 1983 nimehesabu misalaba kumi na sita. Mmoja ni wa mdogo wangu.

Dawa zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, mama alikuwa amestaafu miaka minane, anaishi kwa pensheni iliyokosa miaka tisa, na nyumbani kwake wanalala watoto kumi na moja ambao hakuwazaa. Wengine ni wajukuu, wengine ni watoto wa misalaba ile. Asubuhi aliwapanga mstari mlangoni, akaita majina, wakaitikia, wakaenda shule. Wanne kati yao sasa ni walimu. Hawakunisikiliza.

Sitampamba. Alichapa. Kwa fimbo ya mwanzi, viganjani, asubuhi ile ya sakitu ambapo kiganja kinauma hata kabla hakijaguswa, na mimi kama mtoto wake nilichapwa zaidi ili wengine wasiseme napendelewa. Darasani nilikatazwa kumwita mama. Siku moja nikiwa darasa la pili nilijisahau, na mbele ya watu wote akaniuliza, “Mama yako yuko wapi?” nikajibu, “Nyumbani, mwalimu.” Alikuwa pia akiwafunga mkono watoto wa mashoto, kwa kamba ya katani, waandike kwa kulia. Ndivyo alivyofundishwa. Akiwa na miaka sabini hivi aliagiza aitwe mmoja wao, mzee wa heshima sasa, fundi mbao, akamkaribisha chai na kumwomba radhi. Yule mzee alikuwepo mazishini. Alitia sahihi kitabu cha rambirambi kwa mkono wa kushoto, taratibu sana, akitutazama.

Siku hiyo ya mazishi walikuja viongozi, na tunawashukuru, barabara ilikuwa na utelezi na walisukuma gari lao wenyewe. Mmoja wao alisimama akaahidi kwamba darasa moja la shule litapewa jina la mama. Watu wakapiga makofi. Kama familia tumekaa baada ya arobaini, tukakubaliana kumshukuru na kuomba jambo hilo lisubiri. Jina la mama ukutani, na halipo kwenye faili la miaka ya 1961 hadi 1969, tutakuwa tunachekana.

Ninachoomba kwanza ni jibu la maandishi. Kama sheria ya mafao haihesabu miaka ya mwalimu wa shule ya misheni iliyokuwa ikipata ruzuku, mtu mmoja aandike hivyo, ataje kifungu, aweke sahihi. Tungekubali. Mama mwenyewe angekubali, alikuwa mtu wa kanuni kuliko wengi wenu. Lakini katika safari kumi na moja hakuna aliyemwambia kwamba sheria inakataa. Aliambiwa hakuna ushahidi, na ushahidi ulipoletwa akaambiwa si wa aina hiyo.

Fedha hatudai. Nirekebishe: ndugu zangu wawili wanadai na wana haki yao, mimi sidai, na tumekubaliana barua iandikwe na asiyedai.

La pili linahusu walio hai. Walimu walioanza kazi kwenye shule za misheni kabla ya 1970 sasa wanakaribia miaka themanini au wameipita, na wamebaki wachache. Wengine nawafahamu kwa nyuso, wawili wako tarafa yetu. Hawawezi tena kupanda basi kwenda kueleza kisa mara ya kumi na mbili. Nanyi mna maafisa elimu katika kila kata, wengi wana pikipiki. Afisa akitumwa nyumbani kwa mzee kama huyo, akae naye siku moja, aangalie sanduku lake la bati, aandike alichokiona, kazi imeisha. Humo kuna vitambulisho vya zamani, hati za mishahara, picha za mahafali zenye tarehe nyuma, barua za wakaguzi wa shule. Na pale ambapo hakuna kitu ila rejista yenye sahihi yake kila Ijumaa, naomba ipokelewe. Sijui mtu angeghushi vipi mahudhurio ya watoto 50 kwa mwaka mzima, asubuhi na mchana, na kukumbuka ni nani aliyefuliwa nguo.

Na stoo za shule, jamani. Nchi hii ina Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tangu mwaka 2002, yaani ilikuwa imeshapitishwa karanga za mama zilipofungwa. Haikumfikia mwalimu mkuu aliyekuwa anatafuta pa kuweka saruji, wala simlaumu. Alikuwa na mifuko inayoloa na mkandarasi anayepiga kelele. Kila mara mnapotuma fedha za darasa jipya, na siku hizi mnatuma nyingi, stoo fulani inafagiliwa. Waraka wa ukurasa mmoja ungetosha: kabla ya kufagia, rejista na kitabu cha kumbukumbu za shule viondolewe, vihesabiwe, vipelekwe mahali pakavu, na anayevipokea asaini. Mchwa na wenye magenge wana vyakula vingine.

Rejista saba za mama ziko kwangu dukani, ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwa nailoni pamoja na vidonge vya naftalini, ingawa kwa baridi ya kwetu wadudu ni wachache kuliko makarani. Majirani bado wanakuja kuulizia mistari yao, na mimi sina muda wala macho ya mama. Si mahali pake. Nipeni jina la ofisi itakayozipokea, popote ilipo, Makete, Njombe au Dodoma, nitazileta mwenyewe kwa gharama yangu. Nitakuja na kitabu cha dispachi na kalamu. Sitaondoka pale mezani mpaka anayezipokea ameandika jina lake, cheo, tarehe, na maneno haya: nimepokea rejista saba, zimejazwa na Mwalimu, ya kwanza ni ya mwaka 1962.

Wenu,
Mtoto wa nne wa Mwalimu,
Mbeya